Mambo ya Kuzingatia Kabla Pikipiki Kubwa Haijakulalia

Wengi wanaohamia kwenye pikipiki kubwa wametoka kwenye Boxer au TVS, ambayo ikilala unaiinua peke yako na safari inaendelea. BMW R 1250 GS ina kilo 249 ikiwa na mafuta, na hapo hujafunga mzigo. Ukiwa kilomita 80 kwa saa uzito huo huusikii. Utausikia sheli, getini kwako, na mahali popote unapogeuza. Huko ndiko zinakoangukia.

Vaa buti ngumu zinazofunika kifundo cha mguu. Kandambili ziache nyumbani.

Kaa kwenye kiti uone miguu inafika wapi. Kama vidole tu ndivyo vinavyogusa chini, shusha kiti ikiwezekana, au tafuta pikipiki nyingine. Funga gadi za chuma za kukinga injini pande zote mbili kabla hujafikiria taa za mapambo.

Stendi ya pembeni isukume mpaka mwisho, ndipo uilaze pikipiki juu yake, na iache kwenye gia ya kwanza. Usiegeshe ikitazama mteremko. Ikijongea mbele kidogo tu, stendi inajikunja. Mchanga unameza stendi, na lami iliyolainika kwa jua la saa nane mchana inaimeza pia, kwa hiyo tembea na kipande cha ubao cha kuweka chini.

Mzigo mzito ukae chini. Tangi la lita 30 likijaa ni zaidi ya kilo 20 za petroli, na zote ziko juu.

Sasa breki ya mbele. Pikipiki ikienda polepole huku usukani umekatwa, usiiguse. Gurudumu la mbele likisimama ghafla likiwa limegeuka, uzito wote unatupwa upande huo na hakuna mwendo wa kuisimamisha tena. Tumia nusu klachi na breki ya mguu, macho yatazame unakokwenda. Fanya mazoezi uwanjani, mizigo ikiwa imeshushwa.

Mwenzetu mmoja, dereva wa miaka mingi, alikuwa anapanda nasi kutoka Mombo kwenda Lushoto. Karibu na Soni akapitiliza mahali tuliposimama, akaamua kugeuza palepale barabarani, kulia. Ukiwa unapanda mlima ukageuza kulia, ukifika katikati ya barabara upande wako wa kulia ndio wa bondeni. Basi likapiga honi kwenye kona. Akashtuka, akabana breki ya mbele, usukani ukiwa umekatwa. Pikipiki ikainama. Akatoa mguu, mguu ukatafuta lami usiipate, lami ilikuwa chini zaidi. Hapo angeiachia, tungekuja kuiinua sote. Hakuiachia. Aliing'ang'ania kwa mikono miwili, meno ameyauma, na kwa sekunde moja tulidhani ameimudu. Kisha goti likalegea. Boksi la alumini la pembeni lilimshukia mguuni, juu kidogo ya kifundo, na tulisikia mfupa kabla hajapiga kelele. Pikipiki ilipasuka kioo na kubonyea boksi. Yeye alikaa kwenye magongo kwa miezi, na mpaka leo kukiwa na baridi anachechemea.

Kwa hiyo liamue hili leo, ukiwa umekaa nyumbani, maana pale barabarani hutapata nafasi ya kuamua. Pikipiki ikiwa imeinama kidogo, izuie. Ikishapita hapo, achia usukani, vuta mguu, toka. Mikono itakataa, kwa sababu umeilipia pesa nyingi. Iache ianguke. Kioo kinaagizwa na kinakuja.

Ikishalala, zima injini na uvute pumzi kwanza, misuli mingi ya mgongo huchanika kwa aibu ya kutazamwa na watu. Kama imelalia kulia, kunjua stendi kabla ya kuiinua, la sivyo utaisimamisha na itaangukia kushoto. Ingiza gia ya kwanza. Kata usukani wote kuelekea upande ilikoangukia. Igeuzie mgongo, makalio yaguse kiti, chuchumaa, mkono mmoja ushike usukani na mwingine chuma cha nyuma, kisha sukuma kwa mapaja ukirudi kinyumenyume kwa hatua fupifupi. Mgongo usiukunje. Watu wakijitokeza kusaidia, waelekeze wapi pa kushika, wasishike ekzosti.

Usiiwashe papo hapo. Isimame dakika chache oili irudi chini, ukague petroli inayovuja na mikono ya breki na klachi kama haijapinda.

Mengine ni ya kila siku. Kufuli ya diski ya breki ifungie kamba ya rangi kali mpaka kwenye usukani, usije ukaisahau ukaondoka nayo. Abiria asipande wala kushuka mpaka umwambie. Kwenye kokoto na majani mabichi punguza mwendo mapema, kabla ya kona. Na ukiiegesha mtaani, kaa nayo karibu: watoto watataka kupanda wapigwe picha, wanavutia usukani upande wao ili wapate pa kukwea, na stendi iko upande mmoja tu.