Omega Centauri na Centaurus A kwa darubini ya inchi 8

Kwa aliye Tanzania au Kenya, katikati ya Juni ni wakati mzuri wa kuigeuza darubini kusini, masika yakiwa yameisha, kutazama kundi la nyota Omega Centauri na galaksi Centaurus A. Hapa tunatumia Dobson, yaani darubini ya kioo inayokaa juu ya kitako rahisi cha kuzungusha, yenye kioo cha upana wa inchi 8 na fokasi (umbali kutoka kioo hadi mwanga unapokusanyika) ya milimita 1200. Ya inchi 6 nayo inafaa. Chagua usiku usio na mbalamwezi, mbali na taa za mji.

1. Kabla ya giza, lenga ncha ya mnara wa simu ulio mbali, upande usio na jua. Ikikaa katikati ya lenzi ya milimita 25 (lenzi ndogo unayochungulia kwa jicho), rekebisha skrubu za darubini ndogo ya ubavuni hadi msalaba wake uguse ncha ileile. Ukiruka hapa, utapapasa usiku kucha.

2. Toa darubini nje saa nzima mapema. Kioo kikiwa na joto, nyota hucheza na watu huilaumu lenzi bure.

3. Weka simu mbali. Macho huchukua dakika 20 hadi 30 kuzoea giza. Tochi ivishwe plastiki nyekundu.

4. Saa mbili na nusu usiku hivi, tafuta Beta Centauri, ile nyota angavu iliyo jirani na Msalaba wa Kusini. Kutoka hapo nenda Epsilon Centauri, nyota iliyo juu yake, kisha endelea mbele karibu umbali uleule. "Nyota" yenye ukungu utakayoikuta ni Omega Centauri, kundi la nyota mamilioni. Anza na lenzi ya 25 (hukuza mara 48), halafu ya 10 (mara 120): ukungu unachambuka kuwa chembechembe.

5. Rudisha ya 25. Omega ikiwa kusini kabisa, inua mdomo wa darubini nyuzi 4 na nusu bila kwenda kando. Ni pungufu kidogo ya upana wa vidole vitatu, mkono ukiwa umenyooshwa. Litaingia doa hafifu la duara: galaksi ya Centaurus A, umbali wa miaka ya nuru milioni 12 hivi. Usilikodolee. Tazama pembeni yake kidogo, maana pembe ya jicho hunasa mwanga hafifu vizuri zaidi, na gusagusa bomba litikisike. Taratibu utajitokeza mkanda mweusi wa vumbi unaolikata doa vipande viwili. Usipouona, usikimbilie kukuza. Ukikuza sana doa linafifia. Mara nyingi kosa ni taa za jirani au haraka.

6. Nyota zikianza kuzungukwa na utando, ni umande. Usifute lenzi, itie mfukoni ipate joto. Ukirudi ndani, acha bomba wazi likauke kabla ya kulifunika, la sivyo kioo kitaota madoa.