SOMO: Jinsi ya kutoa USDT (sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola) iliyokwama kwenye pochi kwa kukosa makato ya mtandao

Wakuu, swali hili sasa ni la kila siku: "Naona USDT zangu kwenye pochi, nikibonyeza kutuma inakataa." Naliandika mara moja hapa, atakayeuliza tena aelekezwe huku. Somo linahusu USDT ya mtandao wa Tron, yaani TRC20, maana ndiyo wengi wetu tunayouziana kwa M-Pesa na Mixx by Yas (zamani Tigo Pesa).

Pesa iliyokwama kwa kukosa makato haijapotea. Mtu asikutie hofu ukaanza kugawa maneno yako ya siri, yale 12 yanayofungua pochi.

Hatua ya 1. Nakili anwani yako ya kupokelea. Ya Tron huanza na T. Ikianza na 0x ni ya Ethereum au BNB Smart Chain, ruka hadi kwenye maswali.

Hatua ya 2. Ibandike Tronscan, tovuti inayoonyesha akaunti na miamala ya Tron, usome salio lako huko. Hakikisha tokeni ni USDT halisi, maana feki zenye jina hilohilo ni nyingi. Mkataba (programu inayotunza tokeni, yenye anwani yake) wa USDT halisi kwenye Tron ni TR7NHqjeKQxGTCi8q8ZY4pL8otSzgjLj6t. Ukiwa tofauti hata kwa herufi moja, ulichonacho hakina thamani, usikinunulie makato.

Hatua ya 3. Hapohapo Tronscan angalia sehemu ya ruhusa za akaunti, yaani nani anaruhusiwa kutoa pesa. Mmiliki awe ni anwani yako mwenyewe. Ukikuta anwani nyingine, ishia hapo, usiweke hata shilingi.

Hatua ya 4. Weka TRX, sarafu ya mtandao wa Tron wenyewe inayolipia makato. Hapa ndipo watu wanapoumia, soma taratibu. Kutuma USDT kunatumia nishati ya mtandao, na usipokuwa na nishati, mtandao unachoma TRX zako badala yake. Anayepokea akiwa tayari ana USDT, muamala unakula nishati kama 65,000. Akiwa hana kabisa, inapanda hadi kama 130,000. Tangu Agosti 2025 bei ya nishati ilipunguzwa, kwa hiyo ni kama TRX 6.5 kwa wa kwanza na 13 kwa wa pili. Maelezo ya zamani yanayotaja TRX 27 yalikuwa sahihi wakati wake.

Kosa lenyewe ni kuweka TRX mbili tatu "tujaribu". Nishati ikiisha katikati, muamala unafeli, USDT inabaki palepale, lakini TRX zilizochomwa hazirudi. Anarudia, zinaungua tena. Weka 15 kwa mkupuo mmoja. Na unapozinunua kwenye soko la sarafu la mtandaoni, uzitoe kwa mtandao wa Tron wenyewe. TRX zilizopitia mtandao mwingine hazilipi makato haya. Kama anwani yako haijawahi kupokea TRX, huo muamala wa kwanza ndio unaoiamsha, na anayetuma anakatwa TRX moja na kidogo juu ya kawaida. Usishangae.

Hatua ya 5. Tuma. Kama ni pesa nyingi, tanguliza dola moja. Utalipa makato mara mbili, kwa hiyo 15 hazitatosha kama mpokeaji hana USDT, uwe na zaidi ya 20. Ila ya pili itakuwa nafuu kwa sababu atakuwa ameshakuwa na USDT.

MASWALI

Swali: Mkuu nimefanya yote bado inagoma, msaada tafadhali.
Jibu: Yote yapi? Weka namba ya muamala na kiasi cha TRX ulichonacho. Bila hivyo sina cha kukujibu.

Swali: Naomba nikutumie yale maneno 12 uniangalizie.
Jibu: Hapana. Usinitumie mimi wala mtu yeyote. Kama umeshamtumia mtu, fungua pochi mpya yenye maneno mapya uhamishie kila kitu leo hii.

Swali: Kuna mtu kaweka maneno 12 ya pochi yake hadharani, ndani kuna USDT nyingi, anasema hana TRX, tukimsaidia tutagawana. Nimeweka TRX 20, haitoki.
Jibu: Umetapeliwa, ndugu yangu, pole sana. Rudi hatua ya 3: ruhusa ya akaunti ile iko kwenye anwani nyingine. Maneno unayo ila hayana nguvu ya kutoa chochote, na TRX zako ziko mikononi mwao.

Swali: Kwa nini wasikate kwenye USDT yenyewe?
Jibu: Swali zuri. USDT ni hesabu iliyoandikwa ndani ya mkataba wa kampuni ya Tether. Mtandao unaoutunza mkataba huo ni wa Tron, na wanaothibitisha miamala wanalipwa kwa TRX. Ndivyo ilivyo kwingine pia: Ethereum inataka ETH, BNB Smart Chain inataka BNB.

Swali: Nilipokea kwa BNB Smart Chain wakati pochi yangu ni ya Ethereum. Haionekani.
Jibu: Anwani ya 0x ni ileile kote, na ufunguo ni uleule. Ongeza mtandao wa BNB Smart Chain kwenye pochi, namba yake ya utambulisho (Chain ID) ni 56, kisha weka BNB kidogo ya makato. Ila kama ile anwani ulipewa na soko la sarafu, ufunguo wanao wao. Waandikie ukiwa na namba ya muamala.

Swali: Nyongeza wakuu: msinakili anwani kutoka kwenye historia ya miamala. Matapeli wanakutumia senti kutoka anwani inayofanana mwanzo na mwisho na ile unayoitumia pesa.
Jibu: Asante sana. Someni na herufi za katikati.

Swali: Karatasi niliyoandika maneno 12 iliingia maji, neno la saba halisomeki kabisa. Nimeshapoteza?
Jibu: Hapana, dada. Maneno yote yanatoka kwenye orodha moja ya maneno 2,048, na herufi nne za mwanzo zinatosha kutambua neno lolote. Kwa hiyo ikibaki hata herufi mbili, orodha inapungua sana. Lisiposomeka kabisa, nafasi ni 2,048, lakini maneno 12 yana ukaguzi wake wa ndani, yanayopita ni kama 128 tu. Programu ya BTCRecover inayajaribu yote na kulinganisha na anwani yako. Ipakue, kisha zima intaneti kabla hujaandika neno hata moja. Ukikwama popote, uliza hapa, ila hayo maneno mengine kumi na moja usiyaandike.