Boila ya mvuke inagonga usiku? Kaangalie paipu zake kwanza

Ndugu zangu mlioko huku baridini, hasa nyie mliojaliwa kununua zile nyumba za mbao za ghorofa tatu za hapa Worcester, au nyumba yoyote ya zamani ya Massachusetts au New York ambayo bado ina rejeta nzito za chuma sebuleni, hii ni ya kwenu. Nimechoka kusikia mtu anaambiwa mvuke ni mambo ya kizamani, kelele ndo kawaida yake, vumilia tu. Si kweli. Mvuke uliofungwa sawasawa haupigi kelele, unachosikia ni hewa inatoka taratibu kwenye kivali cha rejeta, pssss, halafu kimya na chumba kinapata joto. Ukisikia nyundo ujue kuna maji yamekaa mahali hayatakiwi kukaa, na mara nyingi sana ni boila yenyewe imeyapeleka huko kwa sababu aliyeifunga hakufuata mchoro.

Kwetu boila ilikuwa mpya kabisa, mwenye nyumba aliyetangulia aliiweka mwaka mmoja kabla hajatuuzia. Baridi ya kwanza tu, saa tisa usiku, ngo ngo ngo ngo kama mtu yuko besimenti anapasua mlango, mtoto ana miezi mitano anashtuka analia, chumba cha nyuma rejeta ni ya baridi, ya sebuleni nayo kivali kinatema maji ya kutu mpaka ukuta umefanya michirizi ya rangi ya chai. Tukamwita fundi aliyeifunga. Akaja, akapandisha presha, akaondoka. Usiku ule ilikuwa mbaya zaidi.

Sasa kabla hujagusa chochote elewa hiki kitu kinavyofanya kazi maana ukielewa hapa mengine yote yanafuata. Nyumba nyingi hizi zina paipu moja tu inayoenda kwenye kila rejeta, mvuke unapanda nayo na maji yaliyopoa yanashuka humohumo, hakuna pampu, ni mteremko tu. Maji yakigeuka mvuke yanatanuka kama mara 1,700, kwa hiyo mvuke hauhitaji kusukumwa, wenyewe unakimbilia kule kwenye ubaridi alimradi hewa iliyomo ipate pa kutokea. Kazi ya boila ni kutoa mvuke mkavu. Ikitoa mvuke uliochanganyika na matone ya maji basi yale maji yanajaa kwenye paipu za juu, mvuke unayapiga teke, yanaenda kugonga elbo, yaani kona ya paipu, na hiyo ndo nyundo unayoisikia kitandani.

Mipaka kwanza. Gesi, moshi na paipu za boila ni kazi ya fundi mwenye leseni, hapa Massachusetts sheria iko wazi kwenye gesi na usijaribu kukwepa. Weka alamu ya kaboni monoksaidi leo kama huna. Na ukikuta paipu za zamani zimefungwa kitu cheupe kama bandeji yenye plasta, usikikwangue, usikipasue, inaweza kuwa asbesto, ina watu wake wenye vibali vya kuitoa.

Haya, shuka besimenti na tochi na futi. Washa boila ukiangalia kile kioo cha wima kinachoonyesha maji. Maji kucheza kidogo, nusu inchi hivi, sawa. Yakiruka inchi mbili, yakipotea na kurudi, au juu ya usawa wa maji ndani ya kioo kukawa na matone yanatiririka, boila inarusha maji. Sababu ni mbili kubwa, ama mafuta ndani ya boila ama paipu zilizofungwa ovyo, na kwetu zilikuwa zote mbili.

Tuanze na paipu. Kila boila inakuja na kitabu na ndani kuna mchoro wa namna ya kuifunga, ukikosa kitabu tafuta namba ya modeli mtandaoni utakipata bure. Ule mchoro ni sehemu ya boila kama ulivyo moto wake. Angalia vitu hivi: mvuke unatoka juu ya boila, unapanda, unaingia kwenye paipu nene ya mlalo inayoitwa heda. Vitabu vingi vinataka heda iwe angalau inchi 24 juu ya usawa wa maji, ili maji yaliyobebwa yapate nafasi ya kuanguka. Paipu zinazoenda nyumbani zinachomoka kwenye heda baada ya mahali mvuke wote umeshaingia, na mwisho wa heda kuna paipu inayoshuka wima kurudi chini ya boila, hiyo inaitwa ikwalaiza na ndo inayorudisha maji yaliyonaswa.

Kwetu nilipima heda nikapata inchi 13. Ilikuwa ya shaba, imechomelewa kwa risasi, na mvuke ulikuwa unapanda unajigonga kwenye tii moja, kiungio cha njia tatu, halafu unagawanyika kushoto na kulia, yaani maji yote yanarushwa juu moja kwa moja yanaenda vyumbani. Shaba juu ya usawa wa maji ni makosa hata kama inapendeza kwa macho, inatanuka sana ikipata moto na inavuta viungo mpaka vinaachia, ya kwetu kiungo kimoja kilishaanza kulia machozi. Inatakiwa chuma cheusi cha nyuzi, basi.

Halafu kuna kitanzi cha Hartford. Kampuni ya bima ya boila ya Hartford ndo iliyokisambaza tangu 1919 baada ya kuchoka kulipia boila zilizokauka, maana paipu ya chini inayorudisha maji ikitoboka, kile kitanzi kinazuia boila isimwage maji yake yote kwa mkupuo. Maji yanayorudi yanaungana na ikwalaiza inchi 2 mpaka 4 chini ya usawa wa maji, kwa kiungio kifupi kuliko vyote. Akiunganisha juu sana au akiweka kipande kirefu hapo, mvuke unaingia na panagonga palepale pembeni ya boila.

Haya ya paipu huwezi kuyarekebisha mwenyewe, lakini ukiyajua utaongea na fundi kwa vipimo badala ya kulalamika kelele. Mimi nilimpigia kaka mmoja Mkenya wa Lowell ana leseni yake, nikamtumia picha tatu, akanijibu, "Dada, hiyo hata mvuke wenyewe unakuonea huruma." Alikuja na kitabu mkononi, akang'oa shaba yote, kazi ya siku mbili.

Sasa zile unazoweza mwenyewe. Presha ndo ya kwanza. Kile kiboksi cha kijivu cha presha kina kipimo cha mbele, weka 0.5, na ndani kina gurudumu dogo jeupe, weka 1, maana yake boila inazima ikifika psi 1.5 (psi ni kipimo cha presha) na kuwaka ikishuka mpaka nusu. Nyumba haihitaji zaidi ya hapo. Psi moja inainua maji karibu inchi 28 kwenye paipu ya kurudi, kwa hiyo anayekupandishia mpaka 5 anakurudishia maji kwenye paipu za mvuke, ndo maana kwetu kelele ziliongezeka. Chini ya kile kiboksi kuna kapaipu kamejipinda duara kama mkia wa nguruwe, kakiziba kutu kiboksi hakihisi presha hata kidogo, boila inapanda tu bila mtu kujua. Zima umeme wa boila, subiri ipoe na presha iwe sifuri, kafungue, kasafishe kabisa, kajaze maji, karudishe. Kila mwaka.

Ya pili mafuta, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu mafundi wengi wanaruka. Boila mpya inatoka kiwandani na mafuta ndani, na nyuzi za paipu zinakatwa kwa mafuta, yote yanaelea juu ya maji. Chukua maji kidogo ya boila yachemshe kwenye sufuria ambayo hutaipikia tena, yakitoa povu na kufurika kama uji uliosahaulika jikoni umepata jibu. Kumwaga maji kwa chini hakusaidii, mafuta yanashuka pamoja na maji, halafu yanabaki yameganda kwenye kuta za boila. Yanatakiwa kuenguliwa kwa juu. Pembeni ya boila kuna tundu lake limezibwa na pulagi, ya kwetu rangi ya kiwandani ilikuwa bado nzima juu yake, haijawahi kuguswa. Pulagi inafunguliwa boila ikiwa imezimwa, imepoa, haina presha. Unafunga paipu fupi inayoelekea kwenye ndoo, unawasha kidogo kidogo maji yawe moto lakini yasitoe mvuke, unazima, halafu unafungua maji ya kuingia polepole mno mpaka yatoke pale tundu kwa unene wa penseli. Ukiharakisha unayachanganya mafuta na maji tena na kazi imeharibika. Mimi nilikaa nayo masaa matatu na nusu, ndoo ya kwanza ilikuwa na utando wa rangi rangi kama dimbwi la gereji, ya mwisho safi. Ukimaliza shusha maji mpaka usawa wake, rudisha pulagi, chemsha mara moja ili oksijeni ya maji mapya itoke isile chuma. Rudia baada ya wiki moja au mbili.

Mengine ya haraka. Rejeta ziinamie upande wa vali ya chini inayoingiza mvuke, sio upande wa kivali cha hewa, weka pima maji juu, ikilala vibaya nyanyua miguu ya upande wa pili kwa vipande vya mbao. Vali ya chini ya rejeta ya paipu moja iwe wazi kabisa au imefungwa kabisa, nusu nusu inakunasia maji. Mwisho wa paipu kuu besimenti lazima kuwe na kivali kikubwa cha kutoa hewa, bila hicho vyumba vya mbali vinasubiri sana, chumba chetu cha nyuma kilipona kwa hicho tu. Na paipu zilizo uchi zivalishwe faiba ya kutunza joto yenye unene wa inchi moja.

Kama bado hujanunua boila, mwangalie fundi anavyopima. Inapimwa kwa rejeta zote za nyumba, kila futi ya mraba ya rejeta ni Btu 240 kwa saa (Btu ni kipimo cha joto), zikijumlishwa zikafika futi za mraba 400 tafuta boila iliyoandikwa 400 za mvuke kwenye kibao chake, nyongeza ya paipu imeshahesabiwa humo. Anayesoma kibao cha boila ya zamani na kunakili tu, mshukuru kwa kuja.

Halafu andika kila unapoongeza maji, tarehe na kiasi, kwenye karatasi uibandike pembeni ya boila. Ukiona unaongeza kila wiki mvuke au maji yanavuja mahali, anzia kwenye paipu zilizozikwa sakafuni. Na siku ukikuta kioo ni kitupu kabisa na boila inawaka, zima swichi uondoke, usiongeze maji ya baridi kwenye chuma cha moto, subiri ipoe kabisa ndo umwite fundi.