Kumlisha sato funza bila kumvuruga tumbo

Dagaa wakipanda bei pale soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, wafugaji wa samaki wa Ilemela wote tunakumbuka funza wa kuweka badala ya dagaa kwenye chakula cha samaki. Sawa kabisa. Tabu ni kwamba wengi wanabadilisha chakula siku hiyohiyo, kisha wanalalamika samaki wamegoma kula. Ukibadilisha chakula cha sato umebadilisha pia chakula cha bakteria waliojaa utumboni mwake, na hao hawataki kushtukizwa.

Bakteria hao wana kazi. Sato hahitaji kuongezewa vitamini B12 kwenye chakula, kwa sababu bakteria wa utumboni mwake wanaitengeneza wenyewe. Ndiyo maana huwa nachukia nikimkuta mtu anachanganya antibayotiki za kuku kwenye pumba, eti ni kinga. Kinga gani hiyo?

Funza ninaowasema ni wa BSF (black soldier fly), yule nzi mweusi mwembamba unayeweza kudhani ni nyigu. Huyu hana tabia za nzi wa chooni. Akishakuwa mkubwa hahangaiki na sahani yako; anaishi siku chache, anataga mayai mia kadhaa, anakufa. Hupenda kutaga kwenye upenyo mkavu ulio karibu na kitu kinachochacha, kwa hiyo funga vipande vya boksi juu ya ndoo ya maganda ya matunda, umsubiri.

Walishe maganda, mabaki ya mama lishe, machicha ya pombe. Shika konzi moja ya chakula hicho uiminye: yatoke matone machache tu. Maji yakitiririka, funza watapanda ukuta wa ndoo watoroke. Kinyesi cha kuku mimi situmii, hata nikipewa bure. Kinaweza kubeba salmonela, na kama kuku walikuwa kwenye dozi, mabaki ya dawa yanakuja nacho.

Vuna wangali na rangi ya maziwa, wiki mbili hivi tangu waanguliwe. Wakishakuwa weusi ganda limekomaa, na sato anapata shida kulimeng'enya. Siku moja kabla ya kuvuna wanyime chakula ili matumbo yao yasafike. Chekecha, osha, watumbukize kwenye maji yanayochemka kwa dakika tatu hadi tano, kisha anika kwenye chanja. Usianike mchangani, mchanga unaokuja na dagaa unatutosha. Funza aliyekauka ukimkunja anavunjika, hapindi. Hapo saga, na usage kidogokidogo, kwani wana mafuta mengi na unga wao ukikaa sana hunuka ukali.

Mchanganyiko wangu wa kilo kumi kwa sato wanaokua: dagaa waliosagwa kilo 2, unga wa funza kilo 1, mashudu ya soya kilo 3, pumba kilo 3, unga wa muhogo kilo 1 wa kushikanisha. Protini inafika kama asilimia 30. Zamani dagaa walikuwa kilo 3, maana yake funza wamechukua theluthi ya nafasi yao. Nakushauri usivuke hapo mwanzoni. Ganda la funza lina kitini, ile dutu ngumu ya maganda ya wadudu, ambayo samaki haimalizi kuimeng'enya. Inayobaki huwa chakula cha bakteria. Mafuta yao nayo yana asidi ya lauri, ileile iliyojaa kwenye mafuta ya nazi, na hiyo hudhoofisha baadhi ya bakteria. Kwa hiyo wengine wanaongezeka, wengine wanapungua. Watafiti waliowalisha wadudu trauti, samaki wa maji baridi, wamekuta mara nyingi aina za bakteria utumboni zinaongezeka, wakiwemo wale wa asidi ya laktiki, jamii ya wanaochachusha maziwa. Ni jambo jema, ila linataka muda.

Basi wape muda. Siku nne au tano za kwanza changanya robo ya chakula kipya na robo tatu ya cha zamani. Kisha nusu kwa nusu. Kisha robo tatu. Ndipo uhamie chote.

Katika kipindi hicho angalia kinyesi. Bwawani hukioni, kwa hiyo chukua samaki watano ambao wameshakula, waweke kwenye beseni jeupe lenye maji ya bwawa, kivulini, uwaache kidogo. Kinyesi kizuri kinatoka kama uzi wa kahawia, rangi ya chakula chenyewe, na kinakatika kikianguka. Ukiona uzi mweupe mrefu unaong'ang'ania nyuma ya samaki, na ndani yake hamna kitu, rudi hatua moja nyuma. Ukiwa na mashaka zaidi, samaki wa mboga ya jioni mpasue kwa uangalifu. Utumbo wa sato ni mrefu mara kadhaa kuliko mwili wake, umejikunja duara juu ya duara. Unyooshe. Ukiwa umevimba hewa, una wekundu au ute wa njano huku chakula hamna, simamisha funza kwanza, halafu kapime maji ya bwawa kabla hujamlaumu funza, kwa sababu maji machafu nayo huleta dalili hizohizo.

Kwa kambale mambo ni mepesi. Porini hula wadudu tangu zamani, na ukienda taratibu vilevile unaweza kufikia kuweka funza badala ya nusu ya dagaa.