Jinsi ya kutoa simu mbovu, chaja na betri kwa nyumba bila kuumiza mtu

Karibu kila nyumba hapa Nairobi iko na droo ama kartoni ya vitu zilishakufa, simu za mulika mwizi, chaja zimekatika, rimoti, betri za tochi, balbu zimeungua. Shida inaanza siku ya usafi vikitupwa kwa mfuko mmoja na maganda ya viazi, mfuko unaenda jalala la Dandora na huko kuna watu wanachakura hiyo taka kwa mikono mitupu, watoto wakiwemo.

Anza na betri, hiyo ndiyo ya haraka. Betri ya simu ama pawabanki ikifura usiichaji tena, usiitoboe, usiikalie ukijaribu kuirudisha kwa simu. Iweke kwa mkebe wa chuma wenye mchanga mkavu, mbali na jiko, mahali watoto hawafiki. Hata zile hazijafura, funika ncha zake na selotepu kabla uzihifadhi, kwa sababu ncha zikigusana na chuma ama betri ingine zinaweza kushika moto, na moto wa lithiamu ukiwa ndani ya lori la taka ama keja ya mabati hauna huruma.

Zile tyubu ndefu za mwanga na enaji seva za kuzunguka ziko na zebaki (mercury) ndani kidogo, na hiyo ni sumu. Zitoe nzima, zirudishe kwa boksi. Ikivunjika, toa watoto, fungua madirisha, ngoja kama dakika 15, halafu okota vipande na karatasi ngumu, vumbi uitoe na selotepu na tishu yenye maji. Ufagio unaitawanya tu.

TV za zamani zenye kisogo usivunje hata kama unataka tu shaba ya ndani, kioo chake kina madini ya risasi (lead) mengi, na hayo madini yanaharibu ubongo wa mtoto polepole bila wewe kuona dalili.

Sasa hapa kwa waya nawaomba sana. Jamaa wa vyuma kuukuu akipita na mkokoteni, muulize anatoa shaba aje. Kama ni kuchoma, usimpe waya. Plastiki ya waya ikiungua inatoa moshi wenye sumu ya dayoksini, na mara nyingi inachomwa hapo hapo kando ya mto ama nyuma ya ploti ambapo watu wanaanika nguo. Huyo jamaa anatafuta chakula, si adui, mpe sufuria na vyuma vya kawaida.

Kabla simu itoke kwako, toa laini na memori kadi, ondoa akaunti yako ya Google, halafu futa kila kitu kwa setingi. Kama bado inawaka muulize fundi kama ataichukua kwa spea, hiyo ni afadhali kuliko kuitupa.

Zile zimebaki kabisa peleka kwa watu wa kurisaikol vifaa vya umeme wenye leseni ya NEMA, ile mamlaka ya mazingira, kama WEEE Centre kule Utawala. Kwa mtu mmoja nauli inauma, so ongea na keateka muweke kartoni moja ya ploti nzima, mahali pakavu mvua haifiki, ikijaa mpige simu muulize kama wanaweza kuja kuchukua.