Siku ya kumfunza mbwa kuchunga kondoo: anza na miguu yako

Mbwa wa kuchunga hahitaji kufundishwa kuwafuata kondoo. Hamu hiyo amezaliwa nayo. Anachohitaji ni kuonyeshwa mahali pake, na utamwonyesha kwa pale unaposimama wewe, zaidi ya kwa mdomo wako. Nimelelewa Molo, Kenya, ambako kondoo wetu waliswagwa na kijana mwenye fimbo, na mbwa kazi yake ilikuwa kulinda boma usiku. Sasa ninafanya kazi katika shamba la mlimani karibu na Bala, kaskazini mwa Wales. Hapa ndipo yalipofanyika mwaka 1873 mashindano ya mbwa wa kondoo yanayohesabiwa kuwa ya kwanza Uingereza, na hadi leo mkulima wa huku bila mbwa hawezi kuwashusha kondoo wake kutoka kileleni. Mbwa ninaowafunza ni wa aina ya Border Collie, au Collie kwa ufupi.

Chagua kondoo kabla ya kumtoa mbwa. Usitumie mama mwenye mtoto mchanga: atageuka, atapiga kwato chini, kisha atamvamia mbwa, na mbwa mchanga aliyepigwa kichwa mara moja anaweza kuwaogopa kondoo kwa muda mrefu. Usitumie wenye mimba kubwa pia. Kondoo hubeba mimba karibu miezi mitano. Huku madume huingizwa mwishoni mwa Oktoba au Novemba, kwa hiyo mapema mwakani majike hayo siyagusi. Majike machanga ambayo hayajazaa ndiyo mazuri, sita au wanane. Wakiwa watatu hutawanyika, kila mmoja na njia yake. Kama hawajazoea mbwa, mwache mbwa mzima aliyekomaa awatembeze kwanza mpaka wajifunze kwenda pamoja.

Uwanja uwe mdogo, upana wa mita 25 hivi, na usiwe na pembe. Kondoo wakikwama kwenye pembe, mbwa atajaribiwa kuuma. Mimi huziba pembe kwa malango ya chuma yanayohamishika.

Mbwa mwenyewe awe na umri wa miezi minane hadi mwaka, mwenye mbio za kuwapita kondoo, na awe amekwisha kujifunza nyumbani kuja akiitwa na kulala akiambiwa. Umri lakini haukuambii kila kitu. Mtazame anapowaona kondoo: mkia ukishuka, kichwa kikainama, na akataka kuwazunguka badala ya kuwaingilia katikati, yuko tayari. Mkia ukiwa juu unapepea, bado anacheza; mrudishe na umjaribu tena baada ya wiki chache.

Sasa kuna jambo moja ambalo ukilishika, mengine yote yanafuata. Fikiria uso wa saa ya ukutani. Kondoo wako katikati, wewe uko kwenye namba 6, na mahali pa mbwa ni namba 12, upande wa pili kabisa. Collie mzuri hupatafuta mahali hapo mwenyewe, kwa sababu damu yake inamtaka awazuie wanyama wasitoroke na kuwaleta kwa kiongozi. Ukisogea kushoto kwako kuelekea 7, yeye atakwenda 1. Ukisogea kulia kuelekea 5, atakwenda 11. Hujasema neno, na tayari unamwendesha.

Kwa hiyo somo la kwanza la asubuhi ni kutembea kinyumenyume. Mwache azunguke, na akifika 12 anza kurudi nyuma polepole. Kondoo watakufuata kwa kuwa yeye yuko nyuma yao. Pinda kushoto, pinda kulia, naye atajirekebisha kila unapopinda. Ninalipenda somo hili kuliko yote, maana ndipo unapomwona mbwa akianza kufikiri.

Akiwabana kondoo kwa karibu, usimfokee. Piga hatua kuelekea bega lake, ukishusha fimbo chini upande wake, mpaka apanuke, yaani azunguke mbali zaidi na kondoo. Mara tu anapopanuka, rudi nyuma umwachie nafasi. Kule kumwachia ndiko kunakomfundisha. Ukiendelea kumsukuma baada ya kutii, atajifunza kwamba kutii hakuna faida.

Kumsimamisha, anzia kwenye 12 tu. Hapo anaona kondoo wametulia kati yenu, hana hofu ya kuwapoteza. Ukimsimamisha katikati ya mzunguko anaona wanamponyoka, naye atagoma. Sema "Lala" mara moja, simama imara, subiri. Mwache aburute kamba ndefu ya mita tano au zaidi, ili ukihitaji uikanyage. Akilala, usimpe chakula. Mrudishe kwa kondoo; hayo ndiyo malipo anayoyataka.

Amri za pande mbili huja baadaye, na huja juu ya kitendo ambacho tayari anakifanya. Anapozunguka kufuata mwendo wa saa ninasema "Saa"; anapokwenda upande mwingine ninasema "Kinyume". Kusonga mbele kwa kondoo ni "Songa", na kumaliza kazi ni "Basi". Maneno yoyote yatafaa mradi yasifanane kwa sauti. Ukinunua mbwa aliyekwisha kufunzwa huku, atakuwa anajua "come by" kwa mwendo wa saa, "away" kwa kinyume chake, na "that'll do" kwa basi; mtumie hayo hayo. Sema kwa sauti ya chini. Old Hemp, dume la Northumberland, kaskazini mwa Uingereza, lililozaliwa mwaka 1893 na ambalo damu yake imo karibu katika kila Border Collie wa leo, lilisifiwa kwa kufanya kazi kimya, bila vurugu. Mbwa wa namna hiyo hakuzwi kwa makelele.

Dakika kumi hadi kumi na tano, kisha mapumziko ya kweli kivulini, na maji. Mbwa mchanga akichoka akilini huanza kunusa majani au kula mavi ya kondoo kana kwamba hana habari nao, au hukata moja kwa moja katikati yao. Usimwadhibu. Tafuta kitu kimoja kidogo atakachokifanya vizuri, kisha mtoe. Waangalie na kondoo: wakipumua midomo wazi, kazi imekwisha hata kama mbwa bado ana nguvu.

Alasiri, kwa mbwa aliyeshika ya asubuhi, fundisha kutumwa mbali. Mlaze mita kama ishirini kutoka kwa kondoo, simama kati yake na wao, mtume, na kama njia yake inabana, msogelee apanuke. Apite mbali na ubavu wa kundi, afike nyuma yake, alale kabla ya kuwashtua. Ongeza umbali pale tu anapofika 12 bila kusaidiwa. Fainali ya kimataifa ya mashindano ya mbwa wa kondoo hutuma mbwa zaidi ya mita 700, na wote walianzia katika hatua hizi fupi.

Malizeni kwa kazi halisi: kuwapitisha kondoo kwenye lango warudi malishoni. Fungua lango wazi, kaa pembeni mbali na mlango, mlaze mbwa nyuma yao, na uwape kondoo muda wa kuliona lile tundu. Wa kwanza akipita, wengine watamfuata.

Baada ya "Basi", kagua nyayo za mbwa kama kuna miiba, kisha fikiria minyoo. Mpe dawa ya tegu kwa ratiba ya daktari wa mifugo, na usimpe kamwe ini wala mapafu mabichi ya kondoo. Mayai ya tegu fulani wa mbwa yakimwingia binadamu humwotesha uvimbe wa maji kwenye ini na mapafu. Watu wa Turkana, kaskazini mwa Kenya, wameumizwa sana na ugonjwa huo. Nawa mikono kabla ya kula. Kondoo uliowatumia leo waache wale kwa utulivu kesho, na umtolee mbwa kundi jingine.