Jinsi ya kutumia neno "leave" bila kubabaika

Wanafunzi wengi hukaririshwa kwamba "leave" ni kuondoka. Kisha wanakutana na "leave the door open" na kukwama, maana mlango hauondoki. Ninapofundisha naanza na maana ya kuacha. Katika Kiingereza cha kale kitenzi hiki kilimaanisha kufanya kitu kibaki, na ukilishika hilo, matumizi mengi yanajieleza yenyewe.

Hatua ya 1: Maumbo

Ni "leave", "leaves", "leaving" na "left". "Left" ndiyo ya wakati uliopita, na ndiyo inayofuata "have": "She has left", ameshaondoka. "Left" ya kushoto ni neno jingine kabisa, yamefanana tu.

Hatua ya 2: Tazama kinachofuata kitenzi

Hapa usiharakishe, kwa sababu makosa mengi yako hapa.

Mahali unapopaacha hufuata moja kwa moja: "We left the office at six", tulitoka ofisini saa kumi na mbili. Kwa kuwa tumezoea "kutoka", mkono hutamani kuandika "left from the office". Uzuie. "From" ina kazi yake pale unapotaja sehemu ambako chombo huanzia safari: "The train leaves from platform two."

Unakokwenda kunahitaji "for". "He left for London" ni kwamba alishika njia kwenda London. "He left London" ni kwamba aliipa kisogo. Ukisahau "for", msomaji atamwona msafiri akielekea kinyume.

Kwa watu, angalia kama mahali pametajwa. "He left his wife at the station" ni kwamba alimwacha mkewe kituoni, pengine akamrudia baadaye. "He left his wife", ikiishia hapo, kwa kawaida hueleweka kwamba ndoa imevunjika.

Kitu ulichosahau mahali fulani nacho huchukua "left": "I left my phone at home." Unaweza kusema "I forgot my phone", ila ukishataja mahali, tumia "left".

Halafu kuna hali: "Leave the door open", acha mlango wazi. "Leave me alone", niache. "Leave it to me", niachie mimi. Ukiongeza "out" unapata kuruka au kutotaja: "You left out my name."

Hatua ya 3: Kinachobaki

"We have two days left", tumebakiwa na siku mbili. "Left" hapa huja baada ya nomino. Hata kwenye hesabu lipo: "Ten minus four leaves six."

Hatua ya 4: Nomino

"Leave" ya likizo ina asili tofauti. Maana yake ya awali ni ruhusa, ndiyo maana mahakamani utasikia "leave to appeal", ruhusa ya kukata rufaa. Kazini ni "on leave", "sick leave", "maternity leave". Usiitie wingi. Andika "two weeks' leave", kwa sababu "two leaves" ni majani mawili.

Hatua ya 5: Matamshi

Kiswahili hakitofautishi sauti za "leave" na "live", kwa hiyo sikio letu huzichanganya. Katika "leave" vuta irabu kama ya "hii". Katika "live" ya kuishi ikate haraka, ulimi ushuke kidogo kuelekea "e". Zoezi ninalolipenda ni kusema kwa sauti "I want to leave", kisha "I want to live", mbele ya mtu asiyeona karatasi yako, akuambie amesikia ipi. Rudia mpaka asikosee.

Hatua ya 6: Jipime

Tafsiri bila kuangalia: aliniacha kituoni, aliniachia funguo, aliacha kazi. Majibu: "He left me at the station", "He left me the keys", "He left his job". Kama uliandika "left from his job", rudi hatua ya 2.